Hekalu la Nairobi, Kamera Yako na Haki ya Kufunga Mlango

 Tangu tarehe 18 Mei 2025 Afrika Mashariki ina hekalu lake la kwanza la Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho, kanisa ambalo waumini wake wengi wetu tunawaita Wamormoni. Liko Nairobi. Lilitangazwa Aprili 2017, ujenzi ukazinduliwa Septemba 2021, na aliyeliweka wakfu ni Ulisses Soares, Mbrazili, mmoja wa wale kumi na wawili ambao kanisa hilo linawaita mitume. Kutoka Tunduma hadi kule ni zaidi ya kilomita elfu moja kwa barabara, lakini wapo wafanyabiashara wetu wanaovuka Namanga kufuata bidhaa, wapo wanafunzi, wapo wenye ndugu huko, na mtu mwenye simu akilipita jengo la namna ile atataka kusimama na kupiga picha. Hapo ndipo swali la leo linapozaliwa. Kwa desturi ya mahekalu haya, mgeni anaruhusiwa kuingia kwenye bustani, kutembea, kukaa na kupiga picha za nje. Mlangoni anasimamishwa. Haingii ila muumini mwenye kibali, na kamera haiingii kwa mkono wa mtu yeyote, muumini au asiye muumini. Je, ni halali nyumba inayojiita ya Mungu kumfungia mtu mlango na kumkataza picha?

Jibu langu ni ndiyo, lakini ni ndiyo yenye masharti mawili. Anayefunga mlango wa mahali patakatifu anadaiwa maelezo: aseme wazi kilichomo ndani na kwa nini hakionyeshwi. Tena sharti la kuingia liwe ni jambo ambalo mtu yeyote anaweza kulitimiza akitaka, lisiwe rangi ya ngozi aliyozaliwa nayo wala kabila la baba yake. Nyumba inayotimiza hayo mawili ina haki ya kuheshimiwa na mwenye kamera. Isiyoyatimiza isishangae watu wakinong'ona, wala isilalamike wakiidai haki yao. Historia ya Wamormoni inafaa sana kwa kulipima jambo hili, kwa sababu wao wenyewe wamewahi kuwa upande wa haki, na wamewahi kuwa upande wa dhuluma.

Tuanze kwa kulielewa jengo lenyewe, maana ubishi mwingi unatokana na kulichanganya na kanisa la kawaida. Wamormoni wana makanisa ya ibada ya Jumapili kama Wamoraviani, Wakatoliki na Walutheri wa huku kwetu. Yeyote anaweza kuingia humo, akaimba, akasikiliza mahubiri, akaondoka bila kuulizwa dini yake. Hekalu ni kitu kingine. Halina ibada ya Jumapili. Ni mahali pa ibada maalumu: mume na mke kufungishwa ndoa ambayo wanaamini haitavunjwa na kifo, waumini kuweka maagano na Mungu, na walio hai kubatizwa kwa niaba ya jamaa zao waliokufa. Ili kuingia, muumini anahojiwa na viongozi wake juu ya imani na mwenendo wake. Anatakiwa atoe zaka, awe mwaminifu katika ndoa, aache pombe na tumbaku, na aache hata chai na kahawa. Akikubaliwa anapewa kibali cha maandishi. Masharti hayo mtu anaweza kuyaona mazito, na kwa mkulima wa kahawa wa Mbozi lile la kahawa litaonekana la ajabu, lakini hakuna hata moja linalomtaka mtu azaliwe upya katika ngozi nyingine.

Sasa angalia namna hekalu la Nairobi lilivyofunguliwa. Kabla ya kuwekwa wakfu, kuanzia Aprili hadi mwanzoni mwa Mei 2025, milango yake iliachwa wazi kwa umma. Muislamu, Mkatoliki, Mhindu, asiye na dini, mwandishi wa habari, jirani wa mtaa wa pili, kila mtu aliweza kupita chumba kwa chumba na kuuliza maswali. Hiyo ni kanuni yao kwa kila hekalu jipya, na linalofungwa kwa ukarabati mkubwa hufunguliwa hivyo tena kabla ya kurudi kazini. Picha za ndani ya vyumba, zilizopigwa na kanisa lenyewe, hutolewa kwa magazeti na kwa yeyote anayezitaka. Kwa hiyo mtu anayesema kwamba hakuna ajuaye kilichomo ndani hajatafuta. Samani zinajulikana, kisima cha ubatizo kinachobebwa na sanamu za ng'ombe kumi na wawili kinajulikana, chumba cha ndoa chenye vioo vinavyotazamana kinajulikana. Kisichoonyeshwa ni ibada yenyewe wakati inafanyika. Tofauti kati ya jengo na ibada ni kubwa, na mimi naiona kuwa tofauti ya haki.

Busara hiyo hawakuzaliwa nayo. Walifundishwa na kamera ya wizi. Mwaka 1911, hekalu lao kuu la Salt Lake City, lililojengwa kwa miaka 40 kuanzia 1853 hadi 1893, lilikuwa limefungwa kwa ajili ya usafi. Wakati huo hapakuwa na picha za ndani zilizotolewa kwa umma, na minong'ono ilikuwa mingi. Kijana mmoja muumini aliyekuwa na kinyongo na viongozi wake, Gisbert Bossard, akasaidiwa na mtunza bustani wa hekalu kuingia na kupiga picha kadhaa. Mwenzake, Max Florence, akaandika barua akitaka kanisa lilipe dola 100,000 ili picha hizo zisionyeshwe hadharani. Rais wa kanisa, Joseph F. Smith, alikataa katakata kufanya biashara na mwizi. Lakini hakuishia kwenye kukataa. Msomi wao James E. Talmage alipendekeza kwamba kanisa lichapishe picha zake lenyewe, zilizo nzuri kuliko za wizi, pamoja na maelezo kamili. Ralph Savage akapiga picha, na kitabu kikatoka 1912. Zile za Bossard zikapoteza bei. Zaidi ya miaka 100 baadaye walirudia somo hilo: mwaka 2014, kwa sababu mavazi yao ya hekaluni yalikuwa yakichekwa mitandaoni, kanisa lilitoa filamu fupi likiyaonyesha na kuyaeleza, na likaomba yaheshimiwe kama yanavyoheshimiwa mavazi ya mapadri na ya watawa. Mwenye siri ya aibu humlipa mwizi ili anyamaze, hawa walichapisha.

Msikilizaji mmoja atasema: mbona hata hivyo wanaficha ibada? Kizuri hakifichwi, kinachofichwa ni cha shetani. Hoja hii ina mizizi mirefu katika nchi zetu. Kenya mwaka 1994, Rais Daniel arap Moi aliunda tume ya kuchunguza ibada za shetani, chini ya Askofu Mkuu Nicodemus Kirima, na kwa miaka mingi baada ya hapo vikundi vinavyokutana faraghani, Freemason wakitajwa mbele ya wote, vilinyoshewa kidole. Hapa kwetu neno hilo limesambaa hadi limepoteza maana. Tajiri akijenga ghorofa upesi ni Freemason, mwanamuziki akivaa pete kubwa ni Freemason. Naikataa hoja hii kwa sababu sisi wenyewe hatuifuati tunapofika kwenye vitu vyetu. Makka haiingiwi na asiye Muislamu, na hakuna mtu mwenye akili timamu anayesema kwa sababu hiyo kwamba Waislamu wanaficha uovu. Kule Kasubi, Kampala, walikozikwa makabaka wanne wa Buganda, mgeni huketi mbele, na nyuma ya pazia la nguo ya magome kuna sehemu inayoitwa msitu, ambayo yeye haruhusiwi kuikanyaga. UNESCO iliitambua Kasubi mwaka 2001 kuwa urithi wa dunia pamoja na pazia lake, haikudai kwanza lifunuliwe. Na wazee wa huku, wakienda kwenye makaburi ya machifu kuomba mvua, hawakuwahi kumwalika kila mpita njia. Faragha ya ibada ni jambo la kawaida kwa binadamu. Uovu unathibitishwa kwa ushahidi wa uovu, hauthibitishwi kwa mlango.

Kampala hiyo hiyo inatusaidia kutenganisha mambo mawili ambayo watu huyachanganya. Juu ya kilima cha Kikaya liko hekalu la Wabahai, lililofunguliwa Januari 1961, la kwanza la dini hiyo barani Afrika. Lina milango tisa na linampokea mtu wa dini yoyote aingie, akae, asali kwa namna yake. Bustani zake ni mahali pa familia kupumzika. Pamoja na ukarimu wote huo, ndani hapapigwi picha. Hivyo kukataza kamera si lazima kuwe kukataza mtu. Ni kulinda utulivu wa wanaosali. Tumeyaona haya hata katika misa na ibada zetu za harusi, ambapo wapiga picha watano wanaziba madhabahu na mchungaji anaomba nafasi ya kuwatazama wale anaowafungisha ndoa. Kamera ina nguvu ya kuwageuza waumini kuwa watazamaji. Dini inayoamua kwamba saa fulani haitatazamwa kwa kioo cha simu inajua inachokilinda.

Pingamizi la pili ni zito kuliko la kwanza, nami nataka tukae nalo. Mtu mweusi atauliza: nitasimamaje kwenye bustani ile nikitabasamu mbele ya kamera, wakati mlango ule ulifungwa kwa ajili ya ngozi yangu? Anasema kweli. Katika miaka ya mwanzo wa kanisa hilo walikuwepo wanaume weusi wachache waliopewa ukuhani. Elijah Abel ni mmoja, mwaka 1836. Mwaka 1852 Brigham Young, rais wa kanisa wakati huo, alitangaza hadharani kwamba wenye asili ya Afrika wasipewe ukuhani, na kutokana na hilo ibada za juu za hekaluni zikafungwa kwao, wanaume kwa wanawake. Jane Manning James, mwanamke mweusi aliyekuwa muumini tangu siku za Joseph Smith, mwanzilishi wa kanisa hilo, na aliyekwenda Utah pamoja na waanzilishi, aliomba kwa miaka mingi aruhusiwe kupokea ibada hizo. Hakuruhusiwa. Mwaka 1894 viongozi walimfanyia ibada ya kumuunganisha na familia ya Joseph Smith kama mtumishi wake, mtu mwingine akisimama kwa niaba yake, kwa sababu yeye mwenyewe hakustahili, kwa kanuni yao, kuingia katika ibada ile. Alikufa 1908 akiwa muumini mwaminifu. Katazo liliondolewa Juni 1978, wakati Spencer W. Kimball alipokuwa rais wa kanisa. Miaka 126. Sina neno laini la kulifunika jambo hili, na mtu wa dini hiyo anayelipitia haraka haraka anaikosea haki kumbukumbu ya yule mama.

Lakini angalia kipimo chetu kinavyofanya kazi. Mlango uliofungwa kwa Jane James ulikosa masharti yote mawili niliyoyataja. Sharti la kuingia lilikuwa kuzaliwa, kwa hiyo hakuna toba, zaka wala uaminifu ungeweza kulitimiza. Na maelezo hayakuwepo. Zilikuwepo nadharia, moja baada ya nyingine, kuhusu laana na kuhusu maisha kabla ya kuzaliwa, zilizobuniwa ili kutetea lililokwisha kufanyika. Mwishoni mwa 2013 kanisa lenyewe lilichapisha makala rasmi ikizikana nadharia hizo na kulaani ubaguzi wa rangi wa kila namna. Ilichelewa miaka 35 baada ya katazo kuondolewa, nami nadhani uchelewaji huo uliwaumiza watu bila sababu. Hata hivyo mlango wa leo sio ule. Hekalu la kwanza barani Afrika lilifunguliwa Johannesburg mwaka 1985, chini ya utawala wa makaburu, katika nchi ambayo Tanzania haikuwa na ubalozi nayo. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 Joseph Sitati wa Kenya na familia yake walisafiri umbali wote huo kwenda kupata ibada zile. Mwaka 2009 Sitati akawa Mwafrika mweusi wa kwanza kuingia katika uongozi mkuu wa kanisa hilo. Accra ikapata hekalu 2004, Aba ya Nigeria 2005, Kinshasa 2019, kisha Nairobi, na Kampala imetangazwa. Anayelipiga picha hekalu la Nairobi na kuyajua haya anapiga picha ya kitu chenye uzito. Asiyeyajua anapata ukuta na maua.

Lipo pingamizi la tatu, la kifamilia, na hili linawagusa wazazi. Kwetu harusi ni ya ukoo: mjomba, shangazi, wazee wa pande zote mbili lazima waone. Iweje binti afungwe ndoa ndani, na baba yake mzazi, kwa kuwa si muumini, abaki bustanini akisubiri? Hapa nakubali kwamba maumivu ni ya kweli, na katika nchi ambako ndoa ya hekaluni pekee ilitosha kisheria yamewahi kugawanya nyumba. Mwaka 2019 kanisa liliondoa kanuni iliyowataka waliofunga ndoa ya kiserikali wasubiri mwaka mzima kabla ya ibada ya hekaluni, na sababu iliyotolewa ilikuwa hiyo hiyo, familia. Kwa hiyo vijana wanaweza kufunga ndoa mbele ya ukoo mzima, kwa vigelegele na picha zote zinazotakiwa, kisha wakaenda hekaluni. Hii ndiyo sababu bustani za mahekalu haya hutunzwa kwa bidii: maharusi hutokea mlangoni na kukuta jamaa wakiwangojea, na picha ya familia, waumini na wasio waumini pamoja, hupigwa pale nje. Kwa mgeni hiyo ina maana ya vitendo. Ukiona maharusi wametoka, usiwafuate kwa simu yako kama mwandishi wa habari. Uso wa mtu ni mali yake. Kenya ina sheria ya kulinda taarifa binafsi tangu 2019, nasi tunayo tangu 2022. Piga jengo na miti. Watu waombe kwanza. Na mwenye droni ajue kwamba Kenya haimruhusu kuirusha bila kibali cha mamlaka ya usafiri wa anga, iwe juu ya hekalu au juu ya shamba la mahindi.

Nimesema kwamba anayefunga anadaiwa maelezo. Mtu wa Ivuna, hapa bonde la Rukwa, ana haki ya kulisema hilo kuliko wengi, kwa sababu sisi tumezungukwa na wageni waliokuja, wakatazama, wakachukua, na kutuachia maelezo kidogo. Tarehe 16 Desemba 1938 kilianguka hapa kimondo cha kiasi cha gramu 700. Wanasayansi wa dunia nzima wanakitumia kuelezea kundi zima la vimondo vya kale kabisa vyenye asili ya wakati jua na sayari zilipokuwa zinaumbwa, na herufi moja katika jina la kundi hilo ni ya Ivuna. Wajapani waliporudisha mchanga wa sayari ndogo Ryugu mwaka 2020, walichokifananisha nacho ni jiwe letu. Kipande chake kikubwa kiko katika makumbusho ya London. Chumvi ya Ivuna nayo ilichimbuliwa habari zake na Brian Fagan na John Yellen katika miaka ya 1960, wakaonyesha kwamba watu walikuwa wakiitengeneza hapa karne nyingi kabla ya Wazungu kufika. Mtoto wa shule ya hapa anakutana wapi na habari hizo? Kimondo cha Mbozi, kule Marengi, angalau kinasimama mahali pake, mgeni hulipa kiingilio, hupewa maelezo na hupiga picha. Ivuna haina hata picha ya jiwe lake ukutani.

Kwa hiyo nawaombeni mambo mawili. Wewe utakayefika Nairobi, pita getini, msalimie mlinzi, uliza panaporuhusiwa, piga picha zako za nje, kisha waulize wenyeji maswali yote, na lile la Jane James usiliache. Ni wajibu wao kukujibu. Na ninyi mnaohusika na mambo ya kale na elimu katika Halmashauri ya Wilaya ya Momba, wekeni bango la maelezo Ivuna, kwa Kiswahili, lenye picha ya kimondo cha 1938, historia ya chumvi, na mstari unaoeleza wazi ni wapi mgeni asikanyage na kwa sababu gani.